Nimemdanganya baba wa watu kwenye ultrasaundi. Nimekosea?

#1 JeliBaridi (mleta uzi)
Wakuu za jioni. Mimi ni mtu wa ultrasaundi, kituo kidogo tu huku kanda ya ziwa, mashine moja na ikizingua tunasubiri fundi atoke Mwanza. Kuna jambo nimelifanya wiki iliyopita linanikaba mpaka leo, naomba mnisaidie kufikiri.

Kaja mama na mumewe, mimba wiki 22. Kadi inasoma mimba ya nne, watoto hai watatu. Nikapaka jeli, nikaanza na kichwa, moyo unadunda vizuri, kondo limekaa juu halina neno, maji ya kutosha. Jamaa kasimama nyuma ya bega langu, hajauliza moyo, hajauliza uzito, kauliza "dume hilo?" Mara ya kwanza nikajifanya sijasikia. Mara ya pili kasema "dokta nimelipa niambie, nyumbani nina wanawake watatu tayari, wanne na mama yao". Sasa mimi hapo nishaona, vijistari vitatu katikati ya mapaja, alama ya binti, havina ubishi. Na yule mama hakuwa anaangalia skrini, alikuwa ananiangalia mimi. Kashika ukingo wa kitanda mpaka kucha zimekuwa nyeupe, akatikisa kichwa kidogo sana kama mtu anafukuza nzi.

Nikasema "mtoto kabana miguu leo, haonekani". Nikafuta jeli, nikaandika ripoti, kwenye jinsia nikaacha wazi. Jamaa katoka analalamika mashine mbovu.

Swali langu: nilikuwa na haki ya kusema uongo? Maana huyo ni baba, kalipa, na sisi wenyewe ndo tunahubiri kila siku wanaume waje kliniki na wake zao, halafu wakija tunawadanganya. Na kwa jumla, jinsia tuwe tunaitaja au tuache kabisa kama nchi zingine? Karibuni, matusi yawe kidogo.

#2 Chapati Mbili
Nimewahi siti ya mbele. Chai iko jikoni.

#3 Mangi Mstaafu
Umekosea tena sana. Mtu katoa hela yake, kapoteza siku ya kazi, kasindikiza mke, ni wanaume wangapi wanafanya hivyo? Halafu wewe unajifanya hakimu unaamua yupi asikie na yupi asisikie kwa kuangalia kucha. Kama mtoto ni wa kike si atazaliwa tu wa kike, umeahirisha ugomvi miezi minne. Na ugomvi wa leba ni mbaya kuliko wa kliniki. Bora angejua sasa, akanuna, akanuniwa, mpaka mtoto anazaliwa hasira imeshapoa.

#4 MamaWanne
Mangi #3 wewe hujawahi kununiwa ukiwa na tumbo. Ngoja nikuambie mimi.

Mimba yangu ya tatu tulienda na mume wangu, dada wa mashine wala hakuulizwa, kasema tu kwa furaha "hongereni, binti mwingine huyo". Kwenye daladala kurudi hakunena neno. Tulishuka akatangulia mbele kama hatujuani. Toka siku ile hela ya matumizi ikawa ya kuomba, vifaa vya kujifungulia hakununua hata kimoja, si gloves si mpira si pamba, khanga nilizoendea leba kaniletea dada yangu. Hakunipiga. Nasema ili mjue, hakunipiga hata siku moja. Aliniacha tu nikiwa humohumo ndani. Hiyo hasira unayosema inapoa, ilipoa mtoto ana mwaka na nusu, alipoanza kumwita baba.

Mleta uzi, mimi ningekuwa yule mama ningekuombea dua mpaka leo.

#5 Mangi Mstaafu
MamaWanne pole sana, sikubishii. Ila ona, huyo wako tabia ilikuwepo, mashine imeifunua tu.

#6 MamaWanne
Ilikuwepo ndio. Ila ingefunuliwa nikiwa nimeshajifungua, ninaweza kutembea, na sina presha ya mimba. Tofauti ni kubwa mno baba.

#7 Pune ya Zamani
Wakuu mimi nilisoma India, Pune, na mke wangu alikuwa kule kwa mimba ya kwanza. Tunaingia chumba cha ultrasaundi, ukutani bango kubwa lugha mbili, kutaja jinsia ya mtoto tumboni ni kosa la jinai. Kabla hata ya kulala kitandani mke wangu kasainishwa fomu, wanaiita Fomu F, pale anatamka kwa sahihi yake kwamba hataki kujua jinsia. Tumekuja na hamu yetu kutoka Bongo, tumeshachagua majina mawili, tunaambiwa saini hapa kwamba hamtaki kujua 😂 Skrini wakaigeuzia ukutani. Dokta mwenyewe kijana mstaarabu tu, nikamuuliza kwa utani akanijibu bila kucheka, akasema kaka hii ni miaka mitatu jela na leseni yangu.

Sheria yao ni ya 1996. Sababu ni mahari, kule binti ndo anatoa mahari kwa mume, ukiwa na mabinti wanne umefilisika. Miaka ya themanini kliniki zilikuwa zinajitangaza waziwazi, lipa rupia 500 sasa uokoe 50,000 baadaye. Yaani gharama ya kupima jinsia na kutoa mimba ya binti ukilinganisha na mahari yake.

#8 Wakili wa Mtaa
Nakazia #7 na marekebisho kidogo. Sheria yenyewe ilipitishwa 1994, ikaanza kutumika Januari 1996, ikatiwa makali 2003. Kosa la kwanza hadi miaka mitatu na faini hadi rupia elfu kumi, la pili hadi miaka mitano na elfu hamsini. Na inakataza kutaja kwa maneno, kwa ishara au kwa njia yoyote, maana walijua watu wajanja.

#9 Pune ya Zamani
Sawa wakili. Na ujanja ulikuwepo kweli, zilikuwepo hadithi za madokta wanaokuambia "njoo uchukue majibu Jumatatu" maana yake dume, na "njoo Ijumaa" maana yake jike, kwa zile herufi za mwanzo za Kiingereza, Monday na male, Friday na female. Wengine rangi ya wino. Sasa mpelekee hakimu ushahidi wa Ijumaa.

#10 Chapati Mbili
Mimi kliniki niliambiwa nirudi Jumatano, hapo nazaa nini?

#11 Wakili wa Mtaa
Unazaa deni.

#12 Mkurya wa Mpakani
Hizo mambo za India msituletee huku. Kwetu binti ni ng'ombe, baba mwenye mabinti watano anatembea kifua mbele, zizi linajaa. Nani atoe mimba ya binti Tarime? Wewe mwenye mashine hapo umepata jamaa mlevi tu, au wa kabila lingine.

#13 Bukoba Damu
Mkurya acha kujisifu, kama binti ni ng'ombe tu basi si sifa. Halafu mbona kwenu hukohuko kuna nyumba ntobhu? Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwenzie amzalie mrithi. Kama dume halina umuhimu huyo mrithi anatafutwa wa nini? Ng'ombe zinaingia kwa binti, boma linabaki kwa dume. Ndo hicho jamaa wa #1 anakitafuta.

#14 Mkurya wa Mpakani
Dah. Hapo umenishika pabaya. Bibi yangu mzaa baba ameoa hivyo.

#15 Mangi Mstaafu
Na kwetu Kilimanjaro kuna kihamba, shamba la ukoo. Mimi mwenyewe ni kitinda mimba, nimekalia shamba la baba pembeni ya kaburi la babu. Ningekuwa msichana leo hapo anakaa mtoto wa baba mdogo. Sisemi ni haki, nasema ndivyo. Mtu akiuliza "dume hilo?" wakati mwingine hana chuki na binti, anauliza nani atanizika nyumbani kwangu.

#16 Bukoba Damu
Mangi hii hoja ndo imefuga ujinga wote. Someni kesi ya Ephrahim na Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Bibi wa Kihaya, Holaria Pastory, karithi shamba kwa wosia wa baba yake, kaliuza, mtoto wa ndugu akaenda kortini kwamba mwanamke wa ukoo hana ruhusa ya kuuza shamba la ukoo. Jaji Mwalusanya akakata kwamba mila hiyo inabagua na haiendani na haki za binadamu zilizo kwenye katiba, bibi akashinda. Miaka thelathini na kitu sasa. Halafu watu wazima tunakaa tunauliza mashine isemeje.

#17 Mangi Mstaafu
Bukoba kesi ikishinda Mwanza ukoo bado unakaa chini ya mgomba kunywa mbege na kuamua. Wewe unajua.

#18 Binti wa Leba
Salamu wakuu. Mimi mkunga, niko leba mwaka wa tisa, naomba niwaambie upande ambao hamjauona.

Kutaja jinsia vibaya kunatuletea sisi balaa. Mama kaambiwa kule nje "dume", familia imeshajiandaa, jina la babu limeshatolewa. Anajifungua usiku, binti. Asubuhi bibi mzaa baba kaja na thermos ya uji, anaambiwa binti, anasema hapana, tumeona kwenye picha, mmetubadilishia mtoto. Mimi nimeitwa ofisini kwa kesi kama hiyo na siku ile wodini alijifungua mama mmoja tu! Ningembadilisha na nani, na paka?

Ndiyo maana mtoto akitoka, kabla hata hatujamfunika vizuri, tunamuinua tunamuonyesha mama sehemu za siri tunamuuliza "mama umepata mtoto gani, sema". Wengi hawajui kwa nini tunafanya vile, wanaona tunawasumbua wamechoka. Lazima aseme kwa mdomo wake, tena mwenzangu asikie.

Kwa hiyo mimi nasema msitaje. Sio kwa sababu ya waume wabaya, kwa sababu mnakosea.

#19 JeliBaridi
Binti wa Leba shikamoo na pole kwa ofisini. Ni kweli tunakosea. Wiki ya 12, 13 mtu akikuambia jinsia kwa uhakika anakubahatishia, kale kanyama kako kwa wote wawili unaangalia kameinuka au kamelala tu. Kuanzia wiki ya 18 na 20 ndo unaona vizuri, na hapo bado kitovu kikipita katikati ya mapaja unaweza ukaapa ni dume. Mama mnene, mtoto kakalia makalio, mashine ya zamani, vyote vinapunguza. Ila mtaani kuna wenzetu wanatamka wiki ya 14 kwa sauti ya mahubiri kwa sababu mteja akitoka bila jinsia harudi na wala hakuletei shoga yake. Hilo tuseme wazi, jinsia ndo biashara. Moyo na kondo havileti wateja.

#20 Ustadh wa Pangani
Asalaam alaykum. Mimi naona hata kuuliza ni kukosa adabu kwa Muumba. Surat Luqman mwishoni inasema Yeye ndiye ajuaye yaliyomo matumboni. Na An-Nahl imemchora huyo jamaa wa #1 vilevile, yule anayepewa habari ya binti uso ukasawijika, akajificha na watu kwa ubaya wa habari aliyopewa. Hizo ni aya za kale, jamaa yumo.

#21 Wakili wa Mtaa
Ustadh waalaykum salaam. Swali la heshima tu, sasa JeliBaridi akiona kwenye skrini si anajua yaliyomo tumboni?

#22 Ustadh wa Pangani
Nililitarajia hilo. Masheikh wengi wamelijibu, aya inazungumzia kujua kila kitu, riziki yake, umri wake, atakuwa mwema au muovu, wala haikatazi kuangalia. Kwa hiyo kupima si haramu. Mimi naongelea adabu. Binti yangu wa kwanza nilimjua alipolia.

#23 Nyali Kwetu
Habarini kutoka Mombasa. Sie huku mbona hata hatungoji kuuliza, bei ya kupimwa ukutani na picha wapewa kwenye bahasha. Dadangu juzi kaandikiwa jinsia kwenye karatasi ikafungwa, akapelekewa mtengeneza keki, keki ikikatwa ndani ya buluu au ya waridi. Wageni arubaini, muziki, shemeji kavaa shati jeupe. Keki kukatwa ikatoka ya kijani. Mwenye keki alikosa rangi!! Watu wasimame waangaliane, mamangu auliza "sasa huyu ni mtoto gani wa kijani".

#24 Chapati Mbili
😂😂😂 Mtoto wa Yanga huyo. Kijani na njano, mngekata tena mngemkuta na njano yake.

#25 Mkurya wa Mpakani
Msimuingize mtoto kwenye matatizo kabla hajazaliwa. Simba hoyee.

#26 Pune ya Zamani
Hizo sherehe Wamarekani zimewaletea moto kweli. Septemba 2020 California, familia imewasha kifaa cha kutoa moshi wa rangi kutangaza jinsia, nyasi kavu zikashika, ukaitwa moto wa El Dorado, ukachoma ekari zaidi ya elfu ishirini na mbili na zimamoto mmoja akafa. Kwa habari ambayo ungeweza kumnong'oneza mama mkwe.

#27 Shemeji Toronto
Wakuu nimesoma wote. Niko Canada, mke wangu kajifungua hapa mara mbili. Mjadala huu hapa ulishakuwepo, 2012 mhariri wa jarida la chama cha madaktari wa huku aliandika kwamba jinsia isitajwe mpaka karibu wiki ya 30, yaani wakati kutoa mimba bila sababu ya afya ni vigumu, kwa ajili ya baadhi ya jamii za wahamiaji kutoka Asia zinazopendelea madume. Kelele zikawa nyingi, watu wakasema mnawanyima wanawake wote taarifa zao kwa ajili ya wachache. Korea Kusini ndo sheria yao mpaka leo, wiki 32.

#28 Wakili wa Mtaa
Shemeji #27 hapo kwa Korea umechelewa basi. Walikataza kabisa 1987. 2008 mahakama yao ya katiba ikasema kukataza moja kwa moja hakufai, wakaja na hiyo ya wiki 32. Februari 2024 mahakama ileile ikaifuta na hiyo, kwamba wazazi wana haki ya kujua na upendeleo wa madume haupo tena kama zamani.

#29 Shemeji Toronto
Asante mkuu nimesimama.

#30 Bukoba Damu
Na hapo kwenye Korea ndipo kwenye utamu jamani, msipite haraka. 1990 Korea walikuwa wanazaliwa wavulana 116 na nusu kwa kila wasichana 100, na hiyo marufuku ya 1987 ipo. Kawaida ya dunia ni kama 105 kwa 100. Leo wamerudi kwenye kawaida. Je, ni marufuku iliyowarudisha? Madokta walikuwa wanataja kimyakimya kama wale wa Ijumaa. Kilichobadilika ni wanawake kusoma na kupata kazi, wazee kuanza kulelewa na mabinti, na ile sheria yao ya mwanamume kuwa kichwa cha ukoo kwenye daftari la familia, mahakama ikaikataa 2005, ikafutwa rasmi 2008. Yaani wamegusa kihamba, Mangi! Hawakugusa mashine.

Na India ambao wamebana mashine wakaacha mahari? Sensa ya 2001 wasichana 927 kwa wavulana 1000 wa chini ya miaka saba, sensa ya 2011 wakashuka mpaka 918. Jimbo la Haryana 834. Bango ukutani lipo.

#31 Pune ya Zamani
Bukoba sikubaliani kirahisi hivyo. Bila hilo bango huenda ingekuwa 880, utajuaje? Na mahari yenyewe India imekatazwa toka 1961, kwa hiyo usiseme waliiacha, waliikataza ikakataa kukatazika. Mimi nimeishi pale, niliona madokta wanaogopa kweli. Woga nao unaokoa.

#32 Bukoba Damu
Hiyo ya 1961 sawa nimepokea. Ila sasa umenisaidia mimi au wewe?

#33 Mangi Mstaafu
😀 Nimeitwa mara ya tatu kwenye uzi huu, kihamba changu kina ekari moja tu jamani.

#34 Wakili wa Mtaa
Turudi kwa mleta uzi, tumemwacha kwenye jeli yake. Kwetu Tanzania kutoa mimba tayari ni jinai, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 150, anayemtoa mwanamke mimba miaka 14, 151 mwanamke mwenyewe miaka 7, 152 anayeleta vifaa au dawa miaka 3. Kwa hiyo hoja ya India ya kuzuia mimba kutolewa kwetu iko mlango mwingine. Kilichopo kwa JeliBaridi ni siri ya mgonjwa. Mgonjwa nani pale? Aliyelala kitandani. Tumbo ni lake, kadi ina jina lake. Mume ni msindikizaji hata kama ndiye kalipa. Mtu akimlipia jirani kipimo cha ukimwi hapewi majibu ya jirani.

#35 Mangi Mstaafu
Wakili mtoto sio ukimwi! Huyo mtoto nusu ni wake.

#36 Binti wa Leba
Nusu gani mzee, na hiyo nusu ndo yenye kosa lenyewe. Yai la mama siku zote lina kromosomu X, mbegu ya baba ndo inakuja na X au Y, ikija X ni binti, ikija Y ni dume. Huyo jamaa anayedai dume anadai kitu ambacho yeye ndiye mwenye ghala. Mimi wodini nawaambia, wanaume wanaangalia chini halafu wanauliza "kwa hiyo kuna dawa?"

#37 Mkurya wa Mpakani
Kwa hiyo kuna dawa?

#38 Binti wa Leba
Hakuna. Na wale wa mtaani wanaowauzia mizizi wana nusu ya kupatia, wakikosea wanasema ulikiuka masharti.

#39 Chapati Mbili
Bibi yangu hana mashine wala mizizi, anakuangalia tu. Tumbo likichongoka mbele dume, likitapakaa kiunoni jike. Ukipenda ndimu jike. Ukimchukia mumeo bila sababu, dume.

#40 MamaWanne
Nimemchukia kwa mimba zote nne, na nina mabinti wanne. Mwambie bibi arekebishe.

#41 Nyali Kwetu
Mimi nina swali kwa mwenye mashine. Kama jinsia haina kazi ya kitabibu, mbona muitazame kabisa? Si mpite tu.

#42 JeliBaridi
Swali zuri Nyali. WHO 2016 walipendekeza kila mjamzito apate walau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na sababu walizoziweka ni kujua umri wa mimba, kuona kasoro za mtoto, kujua kama ni mapacha. Jinsia haimo. Lakini kuna magonjwa yanayofuata watoto wa kiume, kama haemofilia, damu isiyoganda, ukoo wenye historia hiyo jinsia ina maana. Na mapacha, ukiona mmoja dume mmoja jike umeshajua kila mmoja ana kondo lake na mfuko wake, hatari inapungua. Kwa hiyo tunaona. Tukishaona hatuwezi kuacha kuona, ndo tatizo langu mimi. Mara nyingi mama mwenyewe anataka, anauliza kwa furaha, anataka ajue anunue nguo gani, kwa nini nimnyime huyo kwa sababu ya kucha za mwenzie?

#43 Pune ya Zamani
Ndo maana nasema kanuni moja kwa wote. Bango ukutani, hapa hatutaji. Basi. Huna haja ya kusoma kucha za mtu, na mume akija juu unamuonyesha bango, hamkasirikii wewe anakasirikia ukuta.

#44 Bukoba Damu
Na mama anayetaka kujua naye aongee na ukuta? Kila siku mwanamke ndo anafungiwa taarifa ya mwili wake ili mwanaume asikasirike. Kwa nini bango lisiandikwe hivi, jinsia anaambiwa mama peke yake, msindikizaji atoke nje? Halafu yeye akitaka atamwambia akiwa tayari.

#45 MamaWanne
Bukoba hapo sasa umewaza kama mtu ambaye hajakaa kwenye ile ndoa. Ukiniambia peke yangu, nikitoka mlangoni swali la kwanza "kakwambia nini?" Nikisema sijaambiwa, bango linasema nimeambiwa. Sasa umenipa siri na umemuonyesha kwamba ninayo. Bora uongo wa JeliBaridi wa mtoto kubana miguu, ule hauna mwenyewe.

#46 Bukoba Damu
Duh. Hilo sikuliona.

#47 Wakili wa Mtaa
Mimi pia sikuliona, na nimesomea.

#48 Shemeji Toronto
Ila uongo nao una gharama. Yule jamaa katoka anasema mashine mbovu. Atakwenda kituo cha mjini alipe tena, na kule watamtajia mbele ya mkewe bila kuangalia kucha za mtu. Na siku akigundua wa kwanza alijua? Hatakanyaga kliniki tena, hata mke akitokwa damu atasema hao waongo.

#49 Mangi Mstaafu
Ndicho nilichosema kwenye #3 kwa maneno makali. Ila baada ya MamaWanne sijui tena, naomba nibaki nasoma.

#50 Chapati Mbili
Mangi kubadili msimamo hadharani, wekeni kumbukumbu, saa nne na dakika kumi usiku.

#51 JeliBaridi
Wakuu nashukuru wote. Nilitaka niache ila leo kimetokea kitu.

Yule mama kaja. Peke yake, kapanda bodaboda, kasema kwa mapokezi anaumwa kiuno. Nikampandisha kitandani, moyo uko vizuri, kiuno ni cha mimba tu. Nimemaliza namfuta jeli akaniuliza kwa sauti ya chini, "yule ni binti eh?" Nikakaa kimya kidogo, nikamwambia ndiyo. Akacheka! Akasema nilijua toka siku ile ulipokuwa unababaika na miguu, wewe hujui kudanganya. Nikamuuliza mumeo je, akasema mume wangu kanunua godoro la mtoto na viatu vya mpira vya kiume namba ndogo sana, kavitundika ukutani.

Halafu akaniomba nimuandikie kwenye karatasi ya leo kwamba mtoto bado kabana miguu. Nimemwambia nitafikiria, kaniachia kadi yake anairudia kesho.

Naiandika au siiandiki?

#52 Wakili wa Mtaa
Usiandike. Kudanganya kwa mdomo ni jambo moja, ripoti yenye sahihi yako ni jambo lingine. Acha wazi kama mwanzo.

#53 MamaWanne
Andika.

#54 Binti wa Leba
Usiandike kaka. Mimi ndo nitakuja kusoma hiyo karatasi usiku leba.

#55 Ustadh wa Pangani
Hivyo viatu vya mpira, binti naye si anavaa?

#56 Mkurya wa Mpakani
Anavaa, tena huku kwetu ndo anachunga navyo. JeliBaridi samahani natoka nje ya mada, hapo kwenu ultrasaundi bei gani? Mke wangu wiki ya 19. Nauliza moyo tu na kondo.

#57 Chapati Mbili
Kondo 😂😂 haya twende, kesho ni Ijumaa.